Viti vya Ngozi Katika Motokaa

Wengi wetu wakati wa likizo hujipatia fedha kidogo kwa kuosha magari, na baadhi ya wanafunzi wa zamani sasa wana magari yao wenyewe. Yafaa basi tujue kwamba viti vingi vya ngozi vya siku hizi vimepakwa rangi, na juu ya rangi kuna utando mwembamba wa plastiki. Tunachosafisha ni utando huo, wala si ngozi yenyewe.

Kwa hiyo mafuta ya nazi, ambayo watu huyapenda kwa kuwa hung'arisha, hayapenyi sana. Hukaa juu, yakashika vumbi na kuchafua nguo za abiria. Petroli na spiriti ni mbaya zaidi. Huweza kuondoa utando pamoja na rangi, na hapo hakuna dawa ila fundi apake upya.

Kwanza ondoa mchanga kwa brashi laini, hasa penye mishono. Ukisugua mchanga ungalipo, unakwaruza kama msasa. Kisha tia sabuni kidogo isiyo kali katika maji vuguvugu, jaribu mahali pasipoonekana, halafu futa kwa kitambaa kilichokamuliwa sana. Viti vyenye vitundu vidogo visilowe, kwani sponji iliyo chini hukawia kukauka, mwisho hunuka. Ondoa sabuni kwa kitambaa kingine chenye maji safi, kisha kausha kivulini.

Kiti cha dereva kifutwe mara nyingi zaidi, kwa sababu ya jasho. Na gari likishinda juani, funika viti kwa shuka, maana jua hufifisha rangi na kupasua ngozi.