Milango ya Umeme katika Moyo: Kwa Nini Usalama wa Dawa za Malaria Hupimwa Pia kwa Mapigo

Na Mwandishi Wetu, Ifakara

Bonde la Kilombero limefahamika kwa miaka mingi kwa mpunga na kwa malaria. Maji yanayostawisha mashamba ndiyo hayo hayo yanayowapa mbu mazalia. Ndiyo maana Ifakara, mkoani Morogoro, ina historia ndefu ya utafiti wa ugonjwa huo, tangu Profesa Rudolf Geigy wa Uswisi alipoanzisha maabara mwaka 1957, ambayo leo ni Taasisi ya Afya Ifakara.

Jambo lisilofahamika sana kwa wananchi ni kwamba utafiti wa malaria hulazimika pia kujibu swali linalohusu moyo: je, dawa inayoua vimelea katika damu inaweza kuvuruga mapigo ya moyo wa mgonjwa? Jibu la swali hilo linaanzia katika protini zilizomo ndani ya seli za moyo.

Moyo wa mtu mzima hupiga takriban mara 100,000 kwa siku. Kila pigo huanzia katika kundi dogo la seli lililopo sehemu ya juu ya moyo, upande wa kulia, ambalo huzalisha msukumo wa umeme lenyewe bila kusubiri amri ya ubongo. Msukumo huo husambaa kutoka seli moja hadi nyingine kupitia vijia vidogo vilivyojengwa kwa protini ziitwazo koneksini.

Umeme huo hutokana na madini ya chumvi yaliyoyeyuka mwilini, yaani sodiamu, kalsiamu na potasiamu. Katika utando wa kila seli ya moyo zipo protini zinazofanya kazi kama milango, na kila mlango hupitisha madini ya aina yake. Katika misuli ya moyo, milango ya sodiamu hufunguka kwanza na kuiamsha seli. Kalsiamu hufuata, nayo ndiyo inayoifanya misuli ijikaze na kusukuma damu. Hatimaye milango ya potasiamu hufunguka, potasiamu hutoka nje, na seli hurejea katika utulivu ikisubiri pigo linalofuata.

Mmoja wa milango hiyo ya potasiamu hutengenezwa kwa maelekezo ya jeni iitwayo hERG. Uwazi ulio ndani yake unaweza kunasa molekuli za dawa za aina nyingi. Dawa inapoziba mlango huo, potasiamu huchelewa kutoka na seli huchelewa kutulia. Katika kipimo cha umeme wa moyo, ucheleweshaji huo huonekana kama kurefuka kwa kipindi ambacho wataalamu hukiita QT.

Kurefuka kidogo kwa kawaida hakuleti madhara. Kukizidi, msukumo mwingine unaweza kuzuka kabla ya wakati wake, vyumba vya chini vya moyo vikaanza kwenda mbio bila mpangilio, na damu ikashindwa kufika ipasavyo kwenye ubongo. Mgonjwa huzimia ghafla, na hali hiyo isiporekebika anaweza kupoteza maisha.

Uhusiano kati ya dawa za malaria na mapigo ya moyo si jambo jipya. Mwaka 1914 daktari Mholanzi, Karel Wenckebach, alichapisha habari za mgonjwa aliyegundua mwenyewe kwamba kwinini ilituliza mapigo yake yasiyo na mpangilio. Hata hivyo, uwezo huo wa kutuliza unaweza pia kudhuru. Katika miaka ya 1990 ilibainika kwamba halofantrini, dawa nyingine ya malaria, hurefusha QT kwa kiwango cha hatari, na matumizi yake yakapungua sana.

Kwa sababu hiyo, piperakwini, ambayo ni sehemu ya mojawapo ya dawa mseto, ilichunguzwa kwa makini. Watafiti wa Taasisi ya Afya Ifakara walishiriki katika utafiti uliofanyika Burkina Faso, Ghana, Msumbiji na Tanzania na kuchapishwa mwaka 2016, ambapo wagonjwa walipimwa umeme wa moyo kabla ya kuanza dozi na baada ya hapo. Mwaka huo huo, wataalamu walioitishwa na Shirika la Afya Duniani walipitia ushahidi uliokuwepo na kuona kwamba, ukiondoa halofantrini, hatari ya dawa za kundi hilo kwa moyo ni ndogo zinapotumika kwa usahihi.

Ni vyema ikafahamika pia kwamba homa yenyewe huongeza kasi ya moyo na kufupisha QT. Mgonjwa anapopata nafuu, QT hurefuka tena. Kwa hiyo sehemu ya mabadiliko yanayoonekana baada ya tiba ni dalili ya kupona, wala si madhara ya dawa.

Tahadhari inabaki kwa makundi machache. Mtu aliyetapika au kuharisha sana hupungukiwa na potasiamu. Wapo wanaorithi kasoro katika milango hiyo, hasa wenye ndugu waliofariki ghafla wakiwa vijana. Wapo pia wanaotumia dawa nyingine zinazorefusha QT, kama vile erithromaisini na baadhi ya dawa za fangasi na za magonjwa ya akili.

Watu hao wanapaswa kumweleza mhudumu wa afya au muuzaji wa duka la dawa kabla ya kuanza tiba, na kuepuka kuchanganya dawa bila ushauri. Mgonjwa anayepata mapigo ya kwenda mbio, kizunguzungu au kuzimia baada ya kumeza dawa awahi kituo cha afya, ambako tukio hilo linaweza kuripotiwa kwa Mamlaka ya Dawa na Vifaa Tiba (TMDA).

Pamoja na hayo, hofu ya moyo isiwe sababu ya kuacha dozi njiani. Malaria isiyotibiwa huua mara nyingi zaidi kuliko mlango wa potasiamu ulioziba kwa muda, na dozi iliyoachwa nusu huwaacha hai vimelea ambavyo dawa ilikusudiwa kuviangamiza.