Komeo la Ndani

Sogea hapa mkekani, mpwa wangu. Jana uliniuliza, "Mjomba, nyumba ya dharura ni nyumba ya nani?" Swali zuri hilo. Wakubwa wengi hupita mbele ya nyumba kama hiyo miaka na miaka, wasiulize.

Umemwona mama akichemsha maziwa? Yakianza kufurika, je, hukimbilia dukani kununua kitambaa cha kuepulia? Hapana. Kitambaa kipo, kimetundikwa karibu na jiko. Kinasubiri. Nyumba ya dharura nayo inasubiri. Haijui ni mtoto gani atabisha hodi, wala ni usiku gani. Inasubiri tu, kitanda kimetandikwa.

Kule Mugumu, wilaya ya Serengeti mkoani Mara, iko nyumba salama ya namna hiyo. Ni ya shirika la Hope for Girls and Women, alilolianzisha mama anayeitwa Rhobi Samwelly. Wasichana hukimbilia huko wasikeketwe.

"Kukeketwa ndiyo nini, Mjomba?"

Ni kumkata msichana sehemu ya mwili wake kwa jina la mila. Huumiza sana, na huweza kuua. Sheria ya Tanzania imekataza kumfanyia mtoto jambo hilo tangu mwaka 1998. Lakini sheria imeandikwa kwenye karatasi, mpwa wangu, na karatasi haina kitanda. Msichana aliyetoroka usiku anataka kitanda.

Sasa sikiliza hadithi. Hii nimeitunga mwenyewe, na nyumba yake haina jina.

Palikuwa na bati juu ya paa. Bati likawa linalia, to, to, to, juu ya kitanda cha pembeni. Watu wakaliuliza, "Wewe bati, mbona unavuja?"

Bati likajibu, "Mimi si mbaya, nimechoka. Mchana jua linaniwakia, natanuka. Usiku baridi inanishika, nasinyaa. Natanuka, nasinyaa. Natanuka, nasinyaa. Miaka yote hiyo! Msumari ukalegea, tundu likapanuka, mvua ikaona njia."

Na Desemba ilikuwa karibu. Huko Mara, Desemba shule zimefungwa, vuli bado inanyesha, na ndio msimu wa kukeketa. Umeona? Mwezi ambao paa linavuja ndio mwezi ambao nyumba inajaa.

Basi pakaitishwa msaragambo, kazi ya pamoja ya kujitolea. Fundi akaja na misumari yenye mpira chini ya kichwa.

"Mpira wa nini, Mjomba?"

Umeuliza vizuri. Mpira huo huziba tundu, kama kizibo kwenye chupa. Bati likitanuka, mpira unabonyea kidogo. Likisinyaa, unalifuata. Maji hayapati njia.

Kijana wa bodaboda akabeba saruji, mfuko mmojammoja, kila mfuko kilo 50. Mama lishe akakoroga uji wa mafundi. Mshonaji akaleta mapazia. Na palikuwa na mzee mmoja aliyeinunia nyumba ile siku zote, akisema inaharibu mila. Siku ya kwanza akasimama barabarani, akatazama. Siku ya pili akasimama, akatazama. Siku ya tatu akaja na ngazi begani. Hakusema neno. Aliiegemeza ukutani, akaishika chini ili fundi asianguke. Katika hadithi yote, huyo ndiye nimpendaye zaidi. Mtu aliyekushikia ngazi leo, kesho hatakubali mtu avunje mlango wako.

Mwisho likabaki komeo. Komeo likauliza, "Mimi mnanipiga wapi?" Fundi akataka kulipiga nje, na kufuli kubwa. Mama mlezi akamshika mkono. "Nje hapana, fundi. Lipige ndani."

"Kwa nini ndani, Mjomba?"

Zizi la ng'ombe hufungwa wapi? Nje. Ng'ombe hafungi mwenyewe. Lakini mtoto anayekimbilia nyumba hii ametoka mbali, amekimbia gizani, kila mlango aliokuta umefungwa na mkono wa mtu mwingine. Usiku huu mkono wake ndio ufunge. Alisikie komeo likisema "kach!", ajue ni yeye.

"Atakaa humo mpaka lini?"

Mti wa njiani hukupa kivuli, lakini hujengi chini yake. Afisa ustawi wa jamii atakuja, na polisi wa dawati la jinsia na watoto. Watazungumza na wazazi. Wako wazazi wanaokubali kwa moyo, mtoto akarudi nyumbani. Wako wanaokataa. Mtoto wao atabaki, atasoma akiwa hapo, mpaka ipatikane njia.

"Na mimi ni mdogo. Nitafanya nini?"

Mdogo? Masikio yako ni madogo? Rafiki yako akikunong'oneza kwamba anaogopa likizo, usikae nalo. Mwambie mwalimu unayemwamini. Au pigeni simu 116, namba ya kusaidia watoto. Ni bure. Tuimbe pamoja: moja, moja, sita. Tena: moja, moja, sita.

Na kesho asubuhi kule chini, kwenye nyumba ile uliyoniuliza, wanapiga plasta. Mchanga umeshamwagwa kando ya barabara. Ile ndoo yako ndogo ya bluu iko nyuma ya mlango. Mimi nitabeba kubwa.