Tembe zikishindwa, usinyamaze

Umetumia tembe za kutoa mimba changa, siku nzima imepita, damu ni matone tu. Kichefuchefu kingalipo. Huenda mimba nayo ingalipo. Mifepristoni ikifuatwa na misoprostoli hufaulu kwa wanawake zaidi ya 95 kati ya 100 kabla ya wiki 10. Hao wachache ndio huumizwa na kunyamaza.

Kipimo cha mkojo chaweza kuonyesha mimba hata wiki kadhaa baada ya kutoka, hivyo nenda upigwe picha ya tumbo. Mimba iliyotunga nje ya mji wa uzazi haitolewi na tembe hizi. Mrija ukipasuka, damu huvujia ndani. Maumivu makali, kizunguzungu, ama sodo 2 kulowa kila saa kwa saa 2? Kimbia hospitali, hata iwe usiku. Waogopa kufukuzwa? Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chakataza yeyote kunyimwa matibabu ya dharura.