Chuma Kikikunjwa Hakisahau

Ndugu msomaji, tuseme mwanao amerejea nyumbani akiikokota baiskeli. Ameparamia jiwe, na ule uma wa mbele unaoshika gurudumu umepinda ukarudi nyuma. Unaipeleka baiskeli kwa fundi, naye anaubana uma, anauvuta kwa nguvu mpaka unanyooka, kisha anapaka rangi mahali palipobanduka. Unalipa na kushukuru. Kwa macho, baiskeli ni ile ile. Lakini je, chuma nacho ni kile kile? Makala haya yanakusudia kulijibu swali hilo, kwani jibu lake halihusu baiskeli peke yake, bali pia nondo za nyumba, ngazi, na vyuma vingine vingi ambavyo kila siku tunavikabidhi maisha yetu.

Hebu chukua kipande cha waya laini wa kufungia nondo, urefu wa kalamu. Ukikipinda kidogo tu na kukiachia, kitarudi kama kilivyokuwa. Ukikipinda zaidi, kitabaki kimepinda. Kati ya hali hizo mbili pana mpaka, nao ni mwembamba kuliko wengi wetu tunavyodhani. Fimbo ya chuma laini cha kawaida yenye urefu wa mita 1 ikivutwa, huweza kurefuka kiasi cha milimita 1 na robo hivi na bado ikarudi katika urefu wake ikiachiwa. Ikishavuka hapo, haitarudi tena katika urefu wake wa kwanza.

Sasa jaribu kukinyosha kipande chako. Utaona ajabu: pale palipokunjwa hapakubali kunyooka, kipande kinapinda pembeni yake, na mwishowe kinabakia na kigongo. Mahali pale pamekuwa pagumu kuliko pengine. Endelea kukipinda huku na huku. Utahisi joto vidoleni, na baada ya muda kidogo kitakatika.

Ni jambo gani limetokea humo ndani? Wataalamu wanatueleza kwamba metali ni mkusanyiko wa fuwele ndogo ndogo zilizoshikamana, na ndani ya kila fuwele atomi zimejipanga safu kwa safu, kama askari kwenye gwaride. Chuma kinapopinda kidogo, atomi huvutana tu bila kuachana na majirani zao, na zikiachiwa hurejea mahali pake. Kinapopinda kupita mpaka, safu moja huteleza juu ya nyingine. Kila atomi hupata jirani mpya na kushikamana naye, na kwa hiyo haina tena sababu ya kurudi ilikotoka.

Jambo hili liliwatatiza wataalamu kwa muda. Mwaka 1926 mwanafizikia wa Kirusi, Yakov Frenkel, alipiga hesabu ya nguvu inayotakiwa kuitelezesha safu nzima kwa mara moja. Kwa hesabu hiyo, fuwele za metali zilipaswa kuwa imara mamia, hata maelfu ya mara, kuliko zilivyoonekana zikipimwa. Jawabu lilipatikana mwaka 1934, pale Geoffrey Taylor, Egon Orowan na Michael Polanyi, kila mmoja kwa njia yake, walipoeleza kwamba safu haitelezi yote pamoja.

Fikiri juu ya jamvi refu lililotandikwa ukumbini. Ukilivuta lote kwa pamoja utatoka jasho. Lakini ukifanya kunjo dogo upande mmoja, kisha ukalisukuma kunjo hilo mpaka upande wa pili, jamvi lote litakuwa limesogea bila taabu. Ndani ya metali nako kuna kasoro ndogo katika mpango wa safu zinazotembea kama kunjo hilo. Mwaka 1956 Peter Hirsch na wenzake, huko Cambridge, Uingereza, walizishuhudia zikitembea kwa kutumia darubini ya elektroni.

Kila unapokikunja chuma, kasoro hizo huongezeka, hata zikawa nyingi mno na kuzuiana njia, kama watu wanaosongamana mlangoni. Ndipo chuma kinapokuwa kigumu. Lakini ugumu huo una gharama yake: akiba ya kupinda imepungua, na chuma kisichoweza tena kupinda, kikizidiwa, hupasuka.

Hata hivyo, tusiulaumu upole huu wa metali, kwani bila ya huo tusingekuwa na vyombo. Sufuria ya alumini iliyoko jikoni kwako huenda ilianza kama duara tambarare la bati, likasukumwa na mashine mpaka likawa na tumbo. Na pale tunapotaka ukaidi zaidi, huchanganya metali kupata aloi. Atomi ngeni huvuruga safu na kuzizuia kasoro zisitembee ovyo. Dhahabu tupu ni laini mno kwa pete ya kila siku; ndiyo maana sonara hutumia dhahabu ya karati 18, yaani sehemu 18 za dhahabu na sehemu 6 za metali nyingine. Chuma nacho kikitiwa kaboni kidogo, isiyozidi sehemu 2 kwa 100, huwa feleji.

Je, chuma kilichochoka kwa kukunjwa kina dawa? Ndiyo, dawa yake ni moto. Kipande chako cha waya, kabla hakijakatika, kikitiwa katika makaa mpaka kiwe chekundu, kisha kikaachwa kipoe polepole, huwa laini tena, kwa sababu ndani yake huota fuwele mpya zisizo na msongamano ule. Wahunzi waliijua siri hii kwa mikono yao kabla ya mtu yeyote kuzichora safu za atomi. Huko Kagera, ambako chuma kiliyeyushwa zaidi ya miaka 1,500 iliyopita, na kwingineko, mhunzi hakufua kwa nyundo mfululizo, bali alirudia: moto, nyundo, na moto tena.

Lakini tahadhari inatakiwa. Moto hauwezi kuziba ufa uliokwisha kuanza. Aidha, nondo nyingi za siku hizi hupozwa ghafla kwa maji kiwandani ili sehemu ya nje iwe ngumu. Ukizichoma mpaka ziwe nyekundu ili zikunjike kwa urahisi, unaiondoa nguvu ile ile uliyoilipia. Kwa hiyo, wewe unayejenga, agiza nondo zikunjwe mara moja tu, kwa mviringo mpana na si kwa pembe kali, wala usikubali nondo zilizokunjwa na kunyoshwa zitumike kwenye nguzo au boriti bila idhini ya mhandisi. Msumari ulionyoshwa unaweza kufaa kwa kibanda cha kuku, lakini si kwa ngazi.

Na ile baiskeli? Uma wake ulipinda ulipogonga jiwe, ukapinda tena ulipovutwa na fundi. Mara zote mbili umekula akiba yake, na huenda chini ya rangi mpya pana ufa usioonekana kwa macho. Ukikatika, utakatika mtoto akiwa juu yake, pengine kwenye mteremko. Wazee walituusia kwamba samaki hukunjwa angali mbichi. Chuma nacho kina ubichi wake, na kila kunjo huupunguza. Ndugu msomaji, nunua uma mwingine.