Poka ya vijiweni: Kiti chaweza kukunyima ushindi

AGHALABU anayeshindwa katika karata huilaumu bahati yake. Hata hivyo, katika mchezo ambao vijana wa Kitengela, Kajiado na kwingineko nchini huuita ‘kadi’ au ‘poka’, mahali alipoketi mchezaji huweza kuwa na uzito sawa na karata alizoshika.

Poka hii si ile ya kasino. Hapa kila mchezaji hugawiwa karata chache, kwa kawaida nne, na anayezimaliza kwanza ndiye mshindi. Karata inayotupwa sharti ilingane na iliyo mezani kwa namba au kwa aina, yaani kopa, uru, shupaza au maua. Kanuni hutofautiana baina ya kijiwe na kijiwe, ila msingi ni mmoja.

Nguvu ya kiti hutokana na karata za adhabu. Namba 2 humlazimu anayefuata kuokota karata mbili, namba 3 karata tatu, nayo jokeri karata tano. Katika pakiti ya karata 54, adhabu hizo ni 10. Fauka ya hayo, J humruka anayefuata, ilhali K hugeuza mkondo wa zamu.

Tuchukulie kwamba zamu inaelekea kushoto. Aliye kuliani kwako ndiye atakayekuadhibu, nawe utamwadhibu aliye kushotoni. Kwa hivyo, mchezaji stadi huanza kwa kuhesabu karata za jirani wa kushoto. Akimshuku wa kulia kuwa amesheheni adhabu, hutupa K. Zamu hurudi kwa jirani huyo, na mashambulizi yake huelekea upande wa pili.

Uzito wa kiti hudhihirika zaidi mtu anapotangaza “niko kadi”, yaani atamaliza zamu yake ijayo. Anayecheza kabla yake ndiye mwenye fursa bora ya kumzuia kwa adhabu au kwa kumruka. Wengine wote humtegemea huyo mmoja.

Hapo ndipo penye hatari. Iwapo anayetegemewa ni sahibu wa aliyetangaza, atatupa karata isiyo na madhara na kumwachia rafikiye ushindi. Marafiki wawili huweza hivyo kumla mgeni pesa zake bila kuficha karata hata moja, naye asiwe na la kulalamikia.

Katika poka ya kasino, hasa aina ya Texas Hold’em, faida kubwa ni ya anayeamua mwisho, kwa maana ameona wenzake wote walivyofanya. Lakini huko kifungo kinachoonyesha mgawaji huhamishwa baada ya kila raundi, hivyo kila mtu huipata faida hiyo kwa zamu. Katika mashindano, viti hupangwa kwa kura. Kijiweni, aliyewahi kiti huweza kukikalia hadi jioni.

Dawa yake si ngumu. Kabla ya kuanza, kila mmoja na avute karata, na mwenye namba ya juu achague kiti kwanza. Baada ya raundi chache, kura ipigwe upya. Wanaokataa utaratibu huo huku pesa zikiwa mezani wanastahili kuachiwa meza yao.