Faili ya mwisho njo inasema

Wandugu, kazi yangu ya mwisho wa masomo ilikuwa juu ya Rosetta, chombo cha Ulaya kilichofuatana na kometi 67P, ile nyota yenye mkia, tangu 2014 mpaka 2016. Safari yake yote iko bure kwenye intaneti, katika mafaili ya mfumo wa SPICE. SPK inasema chombo kilikuwa fasi gani, CK kilielekea wapi, LSK na SCLK zinapatanisha saa.

Mimi nilirundika zote katika folda moja, nikapakia. Programu haikulalamika hata kidogo, lakini umbali niliopata haukuwa wa kweli. Juu ya nini? SPK mbili zikisema juu ya siku moja, ile iliyopakiwa mwisho njo inashinda. Na mwisho nilikuwa nimeweka ya makadirio, si ile iliyosahihishwa kisha safari.

Sasa kila aina iko na folda yake. Naandika metakerneli, faili ndogo ya maandishi inayotaja zote kwa mpangilio: makadirio kwanza, iliyosahihishwa mwisho. Unapakia hiyo moja tu. Uitunze pamoja na kazi yako: siku ya kutetea, wakiuliza namba imetoka wapi, utawaonyesha.