Tumbo Nene na Dawa za Kutuliza Uvimbe

Msomaji, watu wengi wanatuletea swali moja hapa hospitali. Wanasema: "Munganga, nimesikia kwamba unene ni moto ndani ya mwili. Basi nipe kinini cha kuzima moto huo." Swali hili si la kijinga. Habari waliyoisikia ni ya kweli. Lakini kinini wanachokitafuta sokoni kinaweza kuwaharibu kuliko unene wenyewe.

Moto huo ni nini? Ukijikata mguu kwa jembe, kesho yake mahali pale panavimba, pana joto, panauma. Askari wa damu wamekuja kupigana na uchafu. Kazi yao ikiisha, uvimbe unashuka na kidonda kinapona. Moto huo ni mwema. Lakini uko moto mwingine usiouma na usioonekana, kama makaa chini ya majivu. Huo unakaa katika mafuta ya tumbo.

Mafuta ya tumbo hayalali tu kama gunia la muhogo ndani ya gala. Yana uhai. Mtu akinenepa sana, vyumba vidogo vya mafuta vinajaa kupita kiasi, vingine vinakufa, na askari wa damu wanakusanyika kuvisafisha. Hawaondoki, maana kila siku kazi ipo. Vitu vikali wanavyotoa vinatembea katika damu. Mwaka 1993 wataalamu wa Boston, Marekani, walionyesha katika wanyama wanene kwamba kimoja cha vitu hivyo, kinachoitwa TNF, kinatoka katika mafuta na kuzuia kazi ya insulini. Insulini ni ufunguo unaofungulia sukari mlango, itoke katika damu na kuingia katika nyama ya mwili. Moto ukiharibu kitasa, sukari inabaki katika damu.

Utajijuaje? Chukua mita ya fundi wa nguo, zungushe kiuno, katikati ya ubavu wa chini na mfupa wa nyonga. Mwanaume akifika sentimeta 94, mwanamke 80, aje tumpime. Tunapima nguvu ya damu (130 juu au 85 chini ni alama mbaya), sukari kabla ya kula (miligramu 100 kwa desilita), na aina mbili za mafuta katika damu. Ukiwa na alama mbaya tatu kati ya hizo tano, una shida inayoitwa sindromu ya metaboliki. Inafungua njia ya ugonjwa wa sukari na ya moyo.

Basi kwa nini tusizime moto kwa dawa? Wataalamu wamejaribu, tena si jana. Mwaka 1876 Wilhelm Ebstein wa Ujerumani aliandika kwamba salisilati, ndugu ya aspirini, ilipunguza sukari katika mkojo wa wagonjwa. Mwaka 2013 ilitangazwa habari ya ndugu mwingine wa aspirini, salsalati, waliyopewa wagonjwa wa sukari kwa majuma 48. Sukari ilishuka kidogo. Lakini uzito uliongezeka, mafuta mabaya ya damu yakapanda, na protini ikaongezeka katika mkojo.

Wengine walijaribu dawa kali zaidi. Kanakinumabu, sindano ya bei kubwa sana, ilipunguza mashambulio ya moyo kwa watu waliokwisha kuugua moyo (habari ya 2017), lakini haikuzuia ugonjwa wa sukari, na waliokufa kwa maambukizo waliongezeka. Metotreksati haikuwasaidia hata moyo. Kolkisini, dawa ya zamani ya jongo, ilipewa watu wazima wanene wenye sindromu hii. Alama za moto zilishuka katika damu, lakini insulini haikuanza kufanya kazi vizuri kwa kiasi cha kuthibitika. Mwaka 2023 Marekani iliikubali kwa wenye ugonjwa wa mishipa ya moyo. Kwa unene, hapana. Mwenye figo dhaifu inaweza kumwua.

Unaona? Kupunguza moshi si kuondoa kuni.

Sasa tuje kwetu. Mama mmoja mnene alikuja na magoti yanayouma. Kila siku, kwa miezi mingi, alimeza diklofenaki ya duka, na wakati mwingine indometasini. Dawa ya damu tuliyompa alimeza vilevile, naye alishangaa kwamba damu haishuki. Haikuweza kushuka! Diklofenaki, indometasini na ibuprofeni zinabakiza chumvi na maji mwilini, zinapunguza nguvu ya dawa za damu, zinachoma tumbo mpaka litoe damu, na zinaumiza figo. Mafuta ya tumbo haziyapunguzi hata kidogo. Kama magoti yanauma, sema, tutatafuta njia nyingine. Lakini kama munganga alikupa aspirini ndogo kwa ajili ya moyo, usiiache kwa sababu ya maneno haya.

Lililo baya zaidi ni deksametasoni. Nayo ni dawa ya kutuliza uvimbe, yenye nguvu sana, nasi tunaihitaji kwa magonjwa mengine. Lakini watu wanaimeza ili wanenepe, maana kwetu mtu mwembamba anasemwa vibaya, ama hana pesa, ama ni mgonjwa. Inapandisha sukari na damu, inajaza mafuta usoni na tumboni, inadhoofisha mifupa. Yaani dawa ya kuzima moto inaleta ugonjwa uleule tuliousema.

Lililo na faida iliyoonekana wazi ni kuondoa kuni. Mwaka 2002, huko Marekani, watu waliokuwa karibu na ugonjwa wa sukari walifundishwa kupunguza uzito kwa sehemu 7 katika 100 na kutembea kwa nguvu dakika 150 kila juma. Waliopata ugonjwa walipungua kwa 58 katika 100 kuliko wale walioachwa bila mafundisho hayo. Waliopewa metformini walipungua kwa 31. Kwa mtu wa kilo 90, ni kupunguza kilo 6 tu. Punguza tonge la fufu, ongeza sombe na lenga-lenga, mafuta ya mawese kijiko kimoja pahali pa vitatu, acha soda na bia. Uzito ukishuka, askari wale wanapungua katika mafuta.

Ukija kupimwa, leta vidonge vyote ulivyo navyo nyumbani, hata vile visivyo na jina. Hatutakugombeza. Na wewe uliyemeza deksametasoni kwa majuma mengi, usiikate kwa siku moja. Mwili wako umesahau kutengeneza dawa yake yenyewe ya namna hiyo, nawe unaweza kuanguka na kufa. Njoo upesi, tuipunguze pamoja, kidogo kidogo.